Tuliwapa kongamano la sayansi ya michezo, wakatuandalia viti (maoni yangu kuhusu kampuni iliyotuandalia)

Haya jamani, nimeshapoa sasa naweza kuandika. Nilikua katibu wa kamati ya kongamano la kimataifa la sayansi ya michezo na mazoezi, siku 3 za vikao na siku 1 ya warsha kabla yake, na kazi yote isiyo ya kitaaluma tuliikabidhi kwa kampuni moja ya kuandaa makongamano. Jina siliweki, maana baadhi ya madudu nitakayoyasema hapa tuliyafanya wote, wao na sisi. Ila kama upo kwenye kamati kama yetu na kuna mtu amekuletea kablasha zuri lenye picha za kumbi zinameremeta, soma kwanza. Wenye haraka: nawapa nyota 3 kati ya 5, na zingekua 4 kama sio siku ya warsha.

Tulichonunua ni kifurushi kizima. Usajili na malipo, mfumo wa kupokea abstrakti (muhtasari wa kazi ambayo mtu anataka kuwasilisha) na kuzigawa kwa wahakiki, barua za mwaliko kwa ajili ya viza, ukumbi, sauti na projekta, wakalimani, kurusha vikao mtandaoni, eneo la maonyesho ya wadhamini, mifuko, beji, vyeti, kitabu cha abstrakti. Sisi tubaki na sayansi. Kwenye karatasi inasikika vizuri kweli, tatizo ni kwamba fani yetu ukiitenga na vitu vya ukumbini hua haitengeki, na hilo ndo lilitutesa mwanzo hadi mwisho. Hawa jamaa wanajua kuhesabu viti. Mtu kwao ni kiti kimoja, beji moja, mfuko mmoja. Sasa sisi mtu kwetu ni mwili, unapumua, unachoka, una saa yake ya ndani, mwingine upo kwenye kitimwendo, mwingine ni wa mwanariadha anayepimwa mkojo muda wowote. Karibu kila tulipogombana tuligombania hapo.

Tuanze na tarehe. Walitujia na wiki ya kwanza ya Julai, ukumbi upo wazi na gharama imeshuka, dada mratibu anafurahi kabisa akidhani ametuletea zawadi. Nikamwambia dada yangu, Julai mwanzoni ndo mkutano wa mwaka wa chuo cha sayansi ya michezo cha Ulaya, ECSS, 2023 walikua Paris, 2024 Glasgow, 2025 Rimini, yote wiki hiyohiyo ya mwanzo wa Julai. Ukiweka wako hapo unabaki na watu waliokosa nafasi kule. Mwishoni mwa Mei nako kuna Wamarekani wa ACSM, chuo chao cha tiba ya michezo. Afu mwaka wa Olimpiki nusu ya watu unaowataka wapo na timu za taifa. Hakua anajua hata kimoja na simlaumu, wiki hiyohiyo alikua anapangia tarehe madaktari wa meno. Ila alisikiliza, akarudi na tarehe 3 nyingine, tukachagua. Kwenye kusikiliza hawa watu wako vizuri sana, nalisema mapema kwa sababu huko mbele nitakua mkali.

Mfumo wa abstrakti sasa. Aisee.

Mfumo wenyewe kwa macho ni mzuri, rahisi, mtu anajiunga kwa barua pepe anabandika maandishi yake amemaliza. Tatizo la kwanza lilikua tarehe ya mwisho, waliandika "saa sita usiku" basi, bila kusema usiku wa wapi. Tuna watu kutoka mabara matano! Mfumo ukafungwa usiku wa pale seva ilipo, huku wengine kwao bado mchana jua linawaka, zikamiminika barua za malalamiko mpaka nikazima simu. Kwenye makongamano mengi siku hizi wanahesabu kwa UTC, ile saa ya kimataifa, kutoa saa 12, maana yake mpaka sehemu ya mwisho duniani tarehe hiyo iwe imekwisha, hapo hakuna wa kulalamika. Tuliomba wafungue tena kwa siku moja wakafungua bila maneno.

La pili ndo lilinitoa machozi. Fani yetu ina ile herufi V yenye kitone juu, V̇O₂max, yani kiwango cha juu cha matumizi ya oksijeni, kile kitone sio urembo, kinamaanisha ujazo kwa kila muda, yani lita ngapi za oksijeni kwa dakika na sio lita tu. Mfumo wao haukitambui. Kila palipokua na kitone pakatoka alama ya kuuliza. Na vipeo navyo vikafutika, kwaiyo mtu aliyeandika mililita kwa kilo kwa dakika kwa ule mtindo wetu wa vipeo vya kutoa moja akatokea ameandika mlkg1min1 kama neno la siri la waifai. Alama ya jumlisha na kutoa ile inayobeba mtawanyiko ikapotea pia, unasoma "miaka 24 3" unajiuliza huyu mshiriki ana miaka 24 au 243. Nikawaandikia, wakajibu kwamba waandishi watumie "herufi za kawaida". Bwana, hizi ndo herufi zetu za kawaida!

Tuliishia kuwapa kazi wanafunzi 2 wa uzamili kupitia abstrakti moja moja na kurudisha vitone kwa mkono, wiki mbili nzima, na kazi hiyo ilikua ndani ya kifurushi tulicholipia. Ukija kufanya mazungumzo na kampuni yoyote, kabla hata hujauliza bei chukua abstrakti moja iliyochafuka kwa alama, ibandike kwenye mfumo wao wakiwa wamekaa hapo hapo mbele yako, afu itoe kwenye pdf uone kimetoka nini. Dakika 5 tu. Sisi tulioneshwa mfumo kwa kutumia mfano wao wenyewe, na mfano wao bila shaka ulikua hauna kitone.

Kingine kwenye fomu hiyohiyo hapakua na sehemu ya kibali cha maadili ya utafiti. Utafiti wetu karibu wote ni wa binadamu, unamkimbiza mtu mpaka anaishiwa nguvu, unamtoa damu, wengine wanachoma sindano kubwa pajani wachukue kipande cha msuli, sasa utapokeaje kazi bila kuuliza kibali? Tamko la Helsinki lipo tangu 1964, limerekebishwa mara nyingi, na marekebisho ya 2024 yakabadili hata jina, kutoka watu wanaofanyiwa utafiti ikawa watu wanaoshiriki. Hili waliongeza siku moja tu baada ya kuwaambia, kisanduku cha kutiki na nafasi ya namba ya kibali. Hawakubishana, wakauliza tu kama madaktari wa meno nao watakitaka, nikasema ndio wekeni kwa wote.

Kugawa wahakiki, mashine iligawa yenyewe kwa mada. Mzee mmoja akapangiwa kazi ya mwanafunzi wake mwenyewe, akaniandikia kwa heshima zote, "Katibu, hii nimeisoma nikiwa ndiye niliyeiandika nusu". Mfumo unaficha jina la mwandishi sawa, ila hauangalii chuo. Tulirekebisha kwa mkono hiyo nayo.

Basi niwasifie sasa, maana wanastahili. Barua za viza walizifanya kwa ustadi ambao sisi tusingeuweza. Kila aliyelipa alipata barua ndani ya siku 2 ikiwa na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, sio kama lilivyo kwenye beji, namba ya pasipoti, tarehe, kichwa cha kazi anayowasilisha, na simu ya mtu wa kweli anayepokea ubalozi ukipiga. Hilo la mwisho ni muhimu mno, kuna makongamano hewa mengi yanayouza barua tu, na maofisa wa viza wanayajua. Mwenzetu mmoja alisema ofisa alipiga, dada mratibu akapokea, akataja jina na siku ya kikao chake bila kutafuta kwenye karatasi, mhuri ukagongwa.

Na vifaa vya wadhamini! Hapa nilivua kofia. Kuna waliokuja na baiskeli za maabara, sahani za kupima nguvu za miguu, kamera za kurekodi mwendo, vitu ambavyo ukiviingiza nchi nyingine forodha wanakuona mfanyabiashara. Hawa jamaa wakawaelekeza wote mapema wachukue kanei ya ATA, ile hati ya kuingiza vifaa kwa muda na kuvitoa bila ushuru, ipo tangu mkataba wa 1961 na inadumu mwaka mmoja, na wakaweka kijana wao forodha kuhakikisha inagongwa kuingia NA kutoka. Watu hua wanasahau ya kutoka, afu wanadaiwa ushuru kama vile wameuza. Hakuna sanduku hata moja lililokwama. Kijana yule namwombea mshahara uongezwe.

Ila ndo hivo, sanduku likishatoka forodha linaingia mikononi mwa upande mwingine wa kampuni, ule wa mauzo. Watu wa mauzo walipata mdhamini wa saplimenti, za unga zile na vidonge vya nguvu, mdhamini kalipa vizuri, na sehemu ya makubaliano ni paketi za kuonjesha ndani ya kila mfuko wa mshiriki. Hatukuulizwa. Mimi naingia saa 2 usiku siku moja kabla ya ufunguzi nakuta mifuko imepangwa mistari kama wanajeshi, nafungua mmoja nione programu imechapwaje, paketi hiyo hapo. Moyo ukashuka. Kwenye wageni wetu kuna wanariadha wanaoshindana bado, walialikwa kwenye kikao cha sauti ya mwanariadha katika utafiti. Kanuni za dunia za kupambana na dawa za kusisimua misuli, zile za WADA zilizoanza kutumika 2004, zinasema mwanariadha anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, haijalishi kimeingiaje na alikusudia au hakukusudia. Saplimenti zinajulikana kwa kuchafuka na vitu visivyoandikwa kwenye lebo. Yani kongamano la sayansi ya michezo ndo liwe limempa mtu kitu kitakachomfungia miaka? Kwenye mfuko wenye nembo yetu?

Nikampigia kaka wa mauzo, akaniambia "mwalimu, ni sampuli tu, hazina madhara". Sikubishana nae. Tukakaa chini mimi, mwenyekiti wa kamati ambae ni profesa mzima na nywele zake nyeupe, na wanafunzi walewale 2 wa vitone, tukatoa paketi mfuko kwa mfuko mpaka saa 5 na nusu usiku. Dada mratibu alikuja nae akavua viatu akakaa sakafuni akatoa paketi na sisi, hakuagizwa. Mdhamini alikasirika, tukamwachia meza yake kwenye maonyesho, mtu mzima akitaka aende mwenyewe akachukue akijua anachukua nini.

Jukwaa. Mzungumzaji wetu mkuu wa siku ya pili anatumia kitimwendo, kazi yake ni michezo ya walemavu, na tuliwaambia hilo kwenye barua miezi minane kabla. Jukwaa lilikua na urefu wa sentimita 60 na ngazi. Nikauliza njia ya kupandia iko wapi, nikaoneshwa ubao. Ubao wenye urefu wa kama mita 2 hivi! Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni 1 kwa 12, kila sentimita moja ya kupanda unahitaji 12 za mlalo, kwaiyo sentimita 60 zinataka mita 7 na sentimita 20 za njia. Ule wao ni mlima. Fundi wa ukumbi anasema "tutamsukuma". Profesa mwenye kazi zake dunia nzima asukumwe mbele ya watu kama mkokoteni, afu aanze kuongelea kujitegemea. Hapana.

Tulichofanya, tulifuta jukwaa. Wazungumzaji wote wa siku zote 3 waliongea wakiwa sakafuni, skrini tukaipandisha juu zaidi, watu wa nyuma walimuona mzungumzaji kwenye skrini ya pembeni. Na niwaambie ukweli ilikua nzuri kuliko jukwaa, maswali yaliongezeka, watu wanainuka wanasogea mbele. Kampuni walitoza kazi ya kuvunja jukwaa. Tulikataa kulipa, wakaondoa kwenye ankara bila kelele.

Sasa warsha, ile iliyokula nyota.

Siku ya kwanza kabisa tulitaka kuonyesha kipimo cha kiwango cha juu cha matumizi ya oksijeni moja kwa moja, kijana anakimbia kwenye tredmili amevaa barakoa, mashine inapima hewa anayotoa, namba zinaonekana kwenye skrini, washiriki wanauliza. Kwa kampuni hii kwenye ratiba ilikua imeandikwa "onyesho, dakika 10 za maandalizi". Dakika 10! Mashine ya gesi peke yake inataka iwashwe nusu saa ipate moto, afu unaikalibreti, yani unailinganisha na kipimo unachokijua, mtiririko unaupima kwa sirinji ya lita 3 unasukuma unavuta, na gesi kwa mtungi wenye mchanganyiko uliothibitishwa. Huo mtungi nao hauingii kwenye begi la ndege, ni gesi iliyoshindiliwa, lazima uagizwe kwa muuzaji wa karibu mapema. Tuliwaambia, na kwa bahati mtungi ulikuwepo, ila ukiwa na kichwa cha valvu kisichoendana na mpira wa mashine. Jamaa wa maonyesho akatoka mbio kutafuta kiungio, alirudi nacho, sijui alikitoa wapi sikumuuliza.

Chumba walichotupa kilikua ghorofani, kina zulia nene, kimejaa viti mpaka ukutani. Tredmili inataka sakafu ngumu iliyonyooka na nafasi wazi nyuma yake kama mita 2 ili mtu akiteleza asiende kugonga kitu, nyuma yetu palikua na mstari wa mbele wa washiriki. Tukawaondoa. Tredmili ikachomekwa pamoja na projekta, kijana kaanza kutembea taratibu sawa, akaanza kukimbia, projekta ikazima. Saketi moja imebebeshwa kila kitu. Fundi akavuta waya kutoka korido, sasa kuna waya mlangoni ambapo watu wanapita, tukausimamishia mwanafunzi aseme "angalia mguu" kwa kila anayeingia.

Nikauliza mashine ya kushtua moyo ipo wapi. Ipo mapokezi, ghorofa ya chini. Nikasema mnakimbiza binadamu mpaka mwisho wa uwezo wake mbele ya hadhara na mashine ipo chini? Moyo ukisimama kila dakika inayopita bila mshtuko wala kubonyeza kifua uwezekano wa kupona unashuka kwa asilimia 7 hadi 10. Kijana wetu alikua na afya, alijaza lile dodoso la afya la kabla ya mazoezi, PAR-Q+, maswali yote 7 ya mwanzo hapana, daktari alikuwepo, lakini sikuruhusu mkanda uzunguke mpaka mashine ikapandishwa. Hapo washiriki wanapiga makofi wakidhani ni sehemu ya somo, na kwa kweli ikawa sehemu ya somo.

Afu kikaja kichekesho chenyewe. Madirisha ya chumba hayafunguki, kiyoyozi kinazungusha hewa ileile. Sisi tulikalibreti asubuhi chumba kikiwa kitupu. Hewa ya nje ina oksijeni asilimia 20.93 na kaboni dayoksaidi kama asilimia 0.04, na mashine inafanya hesabu ikiamini kijana anavuta hewa ya namna hiyo. Sasa ndani kuna watu wengi kupita viti vilivyopangwa, wamesimama pembeni, wanapumua, oksijeni inashuka kidogo kaboni inapanda, kijana anavuta hewa iliyokwisha tumika na wenzake, mashine haijui, kwaiyo inaona tofauti kubwa kati ya kinachoingia na kinachotoka na inampa yeye sifa ya kuitumia hiyo oksijeni. Namba ikapanda kupita alizowahi kupata maabara. Kijana kashuka kwenye mkanda anatweta huku anacheka, kanyoosha mikono juu kama kachukua medali, washiriki wanampigia makofi, na mimi na mtaalamu wa mashine tunatazamana tu. Bibi mmoja profesa aliyekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono akasema kwa upole, "vijana, huyo amepimwa yeye au tumepimwa sisi?"

Chumba kizima kikacheka. Mimi nilicheka siku mbili baadae.

Tuliomba chumba cha chini chenye milango ya nje. Kwenye barua ipo, "sakafu ngumu, hewa safi, umeme wa peke yake". Nilipomuuliza dada mratibu akanionyesha mfumo wao wa kupanga vyumba, una sehemu ya idadi ya watu na namna ya kupanga viti, darasa, duara, au sinema. Hamna sehemu ya kuandika hewa. Alikua ameandika ombi letu kwenye karatasi ya njano ameibandika kwenye kompyuta yake, ila aliyepanga vyumba ni mwingine.

Mengine nipite haraka. Wakalimani walikua moto wa kuotea mbali, wawili wawili kwenye kila kibanda wakipokezana kila nusu saa, na kampuni iliwalazimisha wazungumzaji kutuma slaidi siku 3 kabla ili wakalimani wasome istilahi, hilo lilifanya kazi sana. Taa za muda, kijani njano nyekundu, hata maprofesa waliziheshimu. Mabango, sisi tulitangaza A0 ya kusimama, milimita 841 kwa 1189, mbao zikaja za kulala, mabango yakaning'inia chini kama mashuka, gundi ikaongezwa tukaendelea. Urushaji mtandaoni haukukatika hata mara moja, ila siku ya kwanza kamera ilikua inarusha video ya wagonjwa waliokua wanafanya mazoezi ya moyo, sura zinaonekana, ilibidi nikimbie mpaka kwa fundi nimwambie zima hiyo, mwandishi alipata ridhaa ya kuonyesha ukumbini sio kwa dunia nzima. Fundi alizima palepale, akauliza slaidi gani nyingine zina shida hiyo. Tangu hapo kila mzungumzaji alikua anaulizwa kabla ya kupanda. Samahani, kabla ya kusimama, jukwaa si tulilifuta.

Kuhusu ratiba niseme kidogo maana ilinichoma. Waliipanga saa 2 na nusu asubuhi mpaka saa 12 jioni, watu wamekaa. Wageni ni walewale waliokuja kuwasilisha kazi za madhara ya kukaa! Fani yetu ukiifuatilia nyuma unakutana na utafiti wa Jerry Morris wa 1953 kule London, madereva wa mabasi ya ghorofa waliokua wanakaa kutwa nzima walipata ugonjwa wa moyo zaidi ya makondakta waliokua wanapanda na kushuka ngazi. Na sisi tunawageuza washiriki wote madereva. Tukaomba meza ndefu za kusimamia ukutani nyuma ya ukumbi na dakika 5 za kunyanyuka kati ya mawasilisho, meza zilikuja siku ya pili na zilikua zinagombaniwa, viti vya nyuma vikabaki vitupu. Jamaa wa ukumbi akanifuata ana wasiwasi anauliza mbona watu hawakai, kuna tatizo na viti?

Na yule mzungumzaji mkuu wa ufunguzi alitoka mbali magharibi, amevuka saa nyingi kuelekea mashariki, ambako saa ya mwili inatakiwa kujivuta mbele na hua ni ngumu zaidi kuliko ukienda magharibi. Kwa makadirio ya kawaida mwili unataka kama siku moja kwa kila saa iliyovukwa. Wakamleta usiku wa kuamkia, wakampanga saa 2 na nusu asubuhi. Mada yake ilikua usingizi wa wanariadha. Alianza kwa kusema "nyie ndio mfano wangu wa kwanza".

Baada ya kongamano, vyeti vilitoka kwa wakati. Wataalamu wa viungo na madaktari wanahitaji saa za mafunzo endelevu, na mfumo wa kuskani beji mlangoni kuingia na kutoka uliwahesabia vizuri, hakuna aliyelalamika zaidi ya watu wawili waliotoka kwenda kutembea wakasahau kuskani. Ankara ya mwisho ililingana na mkataba, ukiacha ile ya kuvunja jukwaa.

Je tutawatumia tena? Ndio, mkataba wa pili upo mezani, ila kuna viambatisho 3 tumeandika sisi wenyewe. Kimoja cha vyumba vya maonyesho ya vipimo, sakafu, umeme, madirisha, mashine ya kushtua moyo ndani ya chumba. Cha pili kinasema hakuna kitu cha kumeza kinachoingia kwenye mfuko wa mshiriki bila saini ya kamati. Cha tatu kinahusu jukwaa, kwamba lisiwepo. Dada mratibu kasaini vyote, akaomba tumuongezee cha nne, kwamba mtu wa kamati aende nae kukagua vyumba, maana amechoka na karatasi za njano.

Kitu kimoja kimebaki. Wiki iliyopita wamenitumia fomu ya kuwapa alama kama mteja, ina sehemu ya maoni. Nikaandika pale kwa utulivu kabisa kwamba mfumo wao urekebishwe utambue V̇O₂max, nikatuma. Ikaja barua ya kunishukuru yenye nakala ya maoni yangu: "mfumo urekebishwe utambue ?O?max".